Kitabu Kipi Kitafunguka Todonyang? EPUB, PDF na Vitabu Vyenye Kufuli

Tunaambiwa kitabu cha kielektroniki hakilipi nauli. Mchapishaji aliye Nairobi anabofya mara moja, na msomaji aliye popote anakipokea. Mkazi wa Lodwar mjini anaweza kukubali, maana mtandao anao na saiba ziko. Lakini ukiondoka Lodwar kuelekea kaskazini, ukapita Lokitaung mpaka Todonyang, kwenye ncha ya Ziwa Turkana kilomita chache kutoka mpaka wa Ethiopia, utaona kwamba kitabu hicho kina nauli yake. Nauli hiyo haitegemei bei iliyoandikwa kwenye jalada. Inategemea jinsi faili lilivyotengenezwa.

Makala haya ni ya watu wa aina mbili. Yupo anayetaka kusoma kwa simu au tableti bila kupoteza pesa. Yupo pia anayetaka kuchapisha: mwalimu aliyekusanya hadithi, kikundi cha kanisa, shirika lililo kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwandishi wa riwaya asiye na hela za kiwanda cha uchapaji. Nitawapigia hesabu wote wawili. Kwa bando nimechukua mfano wa kawaida, MB 250 kwa shilingi 20. Kampuni za simu hubadilisha bei kila mara, kwa hiyo weka bei ya siku yako mahali pa hii yangu. Tofauti kati ya faili na faili itabaki ileile.

Tuanze na uzito. Riwaya ya Kiswahili ya maneno 60,000, yaani kitabu cha kurasa 200 hivi, ikiwa ni maandishi matupu haifiki hata nusu MB. Ikifungashwa kama EPUB pamoja na jalada lake, itakuwa kati ya KB 300 na MB 1. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya kupanga kurasa huwa MB 1 au 2. Lakini PDF tunazotumiana kwenye WhatsApp kwa kawaida si hizo. Ni picha. Mtu amekifungua kitabu cha karatasi, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa kwa simu, kisha akaziunganisha. Kurasa 200 zenye KB 300 kila mmoja ni MB 60.

Kwa pesa peke yake tofauti haiumi kama watu wanavyodhani. MB 60 kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 4 na senti 80. EPUB ya KB 300 haifiki senti 3. Kinachouma ni muda. Kwenye 4G ya mjini, yote mawili yatashuka kabla chai haijapoa. Kwenye 2G inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, EPUB ile inachukua sekunde 24. Ile PDF ya picha inachukua dakika 80, mtandao usipokatika hata mara moja. Nao hukatika.

Hapo ndipo bando za saa moja zinapomnasa mtu. Gigabaiti nzima kwa chini ya shilingi 20 inavutia, nani atakataa? Ila kwa kasi hiyo ya 2G, saa moja inashusha MB 45 tu. Umelipia 1,000, umepata 45, saa imekwisha na kitabu hakijakamilika. Anayesomea mbali na mji afadhali anunue bando dogo la saa 24 au la wiki. Bora zaidi asinunue kabisa: apakue vitabu vyake akiwa Lodwar au Kakuma, avibebe kwenye memori kadi.

Ukishakipata kitabu, kuna suala la kioo. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa kazi moja: ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine na utoke vilevile kwenye kila printa. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana, ndiyo maana mwaka 2008 ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Sasa pima mwenyewe. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa milimita 68 hivi. Herufi iliyopangwa kwa ukubwa wa 12 inafika machoni pako ikiwa chini ya 4. Basi unakuza kwa vidole, unausukuma ukurasa ili uone mwisho wa mstari, unaurudisha ili uanze mstari unaofuata, na jua la Turkana liko juu ya kioo. Barua ya kurasa tatu utaivumilia. Riwaya nzima utaiacha sura ya kwanza, kisha utasema watu wetu hawapendi kusoma.

EPUB haina ukurasa wa kudumu. Ukitaka kuona ilivyo, chukua EPUB yoyote isiyo na kufuli, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .epub kuwa .zip, kisha ifungue. Ndani utakuta sura za kitabu zikiwa kurasa za HTML kama za tovuti, faili la mitindo, picha ya jalada na orodha ya yaliyomo. Hakuna siri nyingine. Kwa kuwa ni maandishi na si picha ya maandishi, simu inayapanga upya kulingana na kioo chake: mzee anakuza herufi, mwanafunzi anazipunguza, anayesoma usiku anageuza rangi iwe nyeusi, na hakuna anayesukuma mstari kwa kidole. Wala haimilikiwi na kampuni moja. Ilianza 2007 chini ya muungano wa wachapishaji na watengenezaji wa programu, toleo la 3 likaja 2011, na tangu 2017 inasimamiwa na W3C, shirika lilelile linaloweka viwango vya tovuti.

Hata hivyo PDF ina hoja moja ambayo wapenzi wa EPUB huipuuza: inafunguka. Simu nyingi za Android zinakuja na kitu cha kufungulia PDF. EPUB, mpokeaji ambaye hajaweka programu ya kusomea atabofya na kuambiwa hakuna kinachoweza kulifungua faili hilo, naye atakuona wewe uliyemtumia ndiye mwenye kosa. Tena baadhi ya simu za zamani hukataa kupokea EPUB kwa Bluetooth. Hapo inabidi uifunge ndani ya zip au utumie programu ya kutumiana faili kama Xender. Kwa hiyo ukimpa mtu EPUB, mpe pamoja na programu. ReadEra ni ya bure, haiombi akaunti, inasoma EPUB, PDF, MOBI na hata faili za Word zilizomo kwenye simu au memori kadi. Google Play Books nayo inapokea EPUB yako mwenyewe, lakini kwanza lazima uipandishe mtandaoni kwa akaunti ya Google, jambo ambalo kwa msomaji wa Todonyang ni kuzunguka mlima bila sababu.

Lodwar na Kakuma yapo maduka yanayojaza memori kadi: nyimbo, filamu, mahubiri. Mteja anataja anachotaka, kijana ananakili kutoka kwenye tarakilishi, analipwa, basi. Hiyo ndiyo njia ya usambazaji ninayoiamini kuliko tovuti yoyote, na haijatumika vya kutosha kwa vitabu. Kizuizi chake ni mazoea tu. Kijana wa duka huuliza:

“Mwalimu, hii ya .epub ni ya nini? Hapa haichezi.”

“Hiyo haichezwi, kijana wangu, ni kitabu. Wewe inakili tu ilivyo.”

Memori kadi ya GB 8 inabeba maelfu ya riwaya za EPUB. Za PDF za picha, kwa ule uzito wa MB 60, ni 130 hivi tu.

Kwa mwenye kabambe, simu ya vitufe, EPUB haimsaidii na PDF haimsaidii. Baadhi ya simu hizo zenye nafasi ya memori kadi zina kisomaji cha faili za TXT, na maandishi matupu ya riwaya yanaingia bila taabu. Hayana picha wala herufi nzito, lakini yanasomeka. Project Gutenberg ilianza hivyohivyo Marekani mwaka 1971, kwa maandishi matupu, na faili zake za enzi hizo bado zinafunguka leo, wakati miundo mingi ya kibiashara iliyokuja baadaye imekwisha kufa.

Mmojawapo wa miundo iliyokufa ni MOBI. Bado utaikuta kwenye makusanyo ya vitabu yanayozunguka, na wapo wanaouza huduma ya kugeuza vitabu kuwa MOBI. Usilipie. Ilitoka kwa Mobipocket, kampuni ya Ufaransa iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2005, na Amazon wenyewe wameiacha: mwaka 2021 walianza kuikataa kwa vitabu vya kawaida vinavyoletwa na wachapishaji, na tangu 2022 huduma yao ya kutuma kitabu kwenye Kindle inapokea EPUB. Ukiwa na MOBI za zamani, programu ya bure ya Calibre itazigeuza kuwa EPUB kwa dakika chache, bila mtandao.

Hilo linatuleta kwenye Kindle yenyewe na jamaa zake wa wino wa kielektroniki. Kwa jua la kwetu, vifaa hivi havina mpinzani. Kioo hakimeti, mwanga mkali unakifanya kisomeke vizuri zaidi, na chaji moja inakaa wiki kadhaa. Bei ndiyo kizingiti. Kindle ya kawaida iliyotoka 2024 iliuzwa Marekani dola 109.99, sawa na shilingi 14,200 hivi kwa dola moja ya shilingi 129, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Utaambiwa itajilipa kwa kuokoa chaji. Tuseme unachaji simu dukani kwa shilingi 20 kila baada ya siku mbili: shilingi 300 kwa mwezi. Kindle ikichajiwa mara moja kwa mwezi unaokoa 280. Itakuchukua zaidi ya miaka 4 kurudisha pesa yako, na simu ungeichaji tu hata bila kusoma kitabu. Kwa mtu mmoja basi, siikubali hoja hiyo. Kwa maktaba ya shule, ambako kifaa kimoja kinapita mikononi mwa watoto wengi, hesabu inageuka. Worldreader, shirika lililoanzishwa 2010, limekuwa likifanya kazi hiyo ya kupeleka visomaji kwenye shule na maktaba za Afrika, Kenya ikiwemo.

Ukinunua kisomaji, uliza kinafungua nini. Kobo na PocketBook zinasoma EPUB moja kwa moja. Kindle haisomi, ama unaituma EPUB kupitia mtandao wa Amazon igeuzwe huko, ama unaigeuza kwa Calibre na kuiingiza kwa waya. Kwa sehemu isiyo na mtandao wa uhakika, tofauti hiyo ina uzito kuliko ukubwa wa kioo.

Sasa kufuli. Vitabu vingi vinavyouzwa kwenye maduka makubwa ya mtandaoni vimefungwa visifunguke ila kwenye programu ya muuzaji na kwa akaunti ya mnunuzi. Unalipa bei ya kitabu lakini unachopata ni ruhusa ya kukisoma, na ruhusa huondolewa. Julai 2009 Amazon ilifuta kwenye Kindle za wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwa sababu ya mzozo wa hakimiliki. Kimoja kilikuwa Nineteen Eighty-Four. Cha pili kilikuwa Animal Farm, kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Walirudishiwa pesa, lakini walikuwa wamelala na kitabu wakaamka hawana. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa vikaacha kufunguka. Wanunuzi nao walirudishiwa pesa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya mteja kupakua kitabu alichonunua kwenye tarakilishi na kukihamisha kwa waya. Kwa mtu wa Nairobi mwenye Wi-Fi nyumbani hilo ni habari ya gazetini. Kwa anayetaka kununua kitabu chenye kufuli saiba ya Lodwar na kukipeleka kijijini, mlango umefungwa.

Mimi sipingi mwandishi kulinda kazi yake. Napinga kulipa bei kamili kwa kitu ambacho siwezi kumwazima dada yangu. Kitabu cha karatasi kikifika Todonyang kinasomwa na watu wengi kabla hakijachanika. Kitabu chenye kufuli kinasomwa na mmoja, tena kama hajasahau nywila. Kabla ya kununua, jiulize hivi: nikizima data na nikatoka kwenye akaunti, kitafunguka? Kama hakifunguki, bei inayokifaa ni bei ya kukodi.

Wizi ni jambo lingine kabisa, na uko mwingi. Vitabu teule vya mtihani wa sekondari wa KCSE, Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo, vinazungushwa kama PDF za picha kwenye vikundi vya WhatsApp, na wazazi huviona kama msaada. Si msaada kwa waandishi, na kusema kweli si msaada mkubwa kwa mwanafunzi pia. Picha zile zina vivuli vya vidole, kurasa zinakosekana, na neno halitafutiki ndani yake. Programu ya kuwasomea wasioona nayo inakaa kimya mbele ya picha, kwa sababu hakuna maandishi ya kusoma. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu kutengeneza nakala zinazofikika kwa wasioona bila kusubiri idhini ya kila mwenye hakimiliki, lakini mkataba hauwezi kuipa picha sauti. EPUB iliyoandaliwa vizuri inaweza kusomwa kwa sauti na simu. eKitabu, kampuni ya Nairobi, imejenga kazi yake juu ya EPUB za namna hiyo, na imetengeneza hata vitabu vya hadithi vyenye video za Lugha ya Ishara ya Kenya.

Vitabu vya picha vya watoto vina hesabu yao, na hapa PDF inashinda, ila si kwa sababu ya simu. Tovuti ya African Storybook, iliyofunguliwa 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili na za Ng'aturkana, lugha ya Waturkana, zenye leseni huria: unaruhusiwa kuzipakua, kuzitafsiri, kuzichapa na kuzigawa. Chukua hadithi ya kurasa 16 za ukubwa wa A5. Inatoka kwenye karatasi 4 za A4 pande zote mbili, yaani pande 8. Kwa shilingi 5 kila upande, kijitabu kimoja cha rangi nyeusi na nyeupe ni shilingi 40. Tableti ya shilingi 10,000 ni sawa na vijitabu 250, ambavyo havichajiwi, havipasuki kioo wala havizimiki kwa joto. Shule iliyo karibu na mashine ya fotokopi na haina umeme wa uhakika isione haya kuchagua karatasi. Kuanzia 2016 serikali iligawa tableti kwa shule za msingi nchini kote, na mwalimu yeyote atakueleza kwamba kifaa bila chaji kinabaki kabatini.

Ukiwa na umeme na tableti tayari, afadhali uache kuhesabu bando za mwanafunzi mmojammoja. Huko Kakuma, mradi wa Instant Network Schools wa Vodafone Foundation na UNHCR, ulioanza 2013, ulionyesha kwamba darasa moja lenye sola, tableti na chanzo kimoja cha maudhui linatosha kuhudumia wengi. Shule isiyo na mfadhili inaweza kufuata wazo hilo kwa Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality inayoigeuza tarakilishi moja kuwa maktaba ya darasa zima bila intaneti. Inapokea EPUB, PDF, kurasa za HTML, video na sauti. Na kwa kuwa Kakuma watoto wanatoka nyumba za Kiswahili, Kisomali, Kidinka, Kirundi na Kiarabu, kumbuka kwamba EPUB 3 inaweza kufunua kurasa kutoka kulia kwenda kushoto kwa vitabu vya Kiarabu. Faili la Word lililogeuzwa ovyo litakupa kitabu kinachoanzia mwisho.

Kwa sauti nitakuwa mfupi. MP3 ya kilobiti 32, ambayo kwa mtu mmoja anayesoma inasikika vizuri, ina MB 14 hivi kwa saa. Kitabu cha saa 6 ni MB 86. Ni kizito kushusha, lakini ni chepesi kwenye memori kadi, na hata kabambe inakicheza. Kwa lugha ambazo wazee wengi hawakuwahi kufundishwa kuzisoma, fedha za mradi ningezianzia hapo.

Sasa wewe unayechapisha. Habari njema ni kwamba kutengeneza EPUB hakuna gharama. Google Docs inahifadhi kama EPUB, LibreOffice nayo tangu 2018, na Calibre inageuza faili la Word. Sharti ni moja: vichwa vya sura uviweke kwa mtindo rasmi wa kichwa, si kwa kukuza herufi na kuzikoleza. Usipofanya hivyo kitabu hakitakuwa na orodha ya yaliyomo, na msomaji atalazimika kufunua kuanzia mwanzo kila mara. Anayekutoza maelfu kwa kugeuza riwaya isiyo na picha anauza ujuzi unaoweza kujifunza kwa siku moja. Pesa hizo mlipe mhariri.

Yapo makosa mawili ya Kiswahili ambayo hakuna programu itakayokurekebishia. La kwanza ni ritifaa. Programu za kuandika hupenda kuigeuza kutoka iliyonyooka kuwa iliyopinda, pengine katikati ya kitabu. Msomaji akitafuta ng'ombe kwa kibodi ya simu, inayoandika ritifaa iliyonyooka, programu nyingi zitamjibu kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja, na kitabu chenyewe ni cha wafugaji. Ng'aturkana ina ng' nyingi kuliko Kiswahili, hivyo hasara ni kubwa zaidi. Chagua ritifaa moja, kisha utumie amri ya kutafuta na kubadilisha kabla ya kutoa EPUB. Kosa la pili ni lugha. Ndani ya EPUB kuna mahali panapotaja lugha ya kitabu. Ukiacha en, simu itakisoma Kiswahili chako kwa sauti ya Mwingereza na kukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni zisizo zetu. Andika sw kwa Kiswahili, tuv kwa Ng'aturkana.

Ukilazimika kutoa PDF ya kusomewa kwenye simu, usitumie A4. Weka ukurasa wa sentimita 9 kwa 16 na herufi za ukubwa wa 14. Itasomeka bila kukuzwa, na bado itafunguka kwa wote wasio na programu ya EPUB.

Kuhusu kuuza, tulinganishe njia mbili. Amazon inaonekana kubwa, na inakupa asilimia 70 ya bei kati ya dola 2.99 na 9.99. Lakini asilimia hiyo ni kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa, na Kenya haimo. Msomaji wa Lodwar akinunua kitabu chako cha dola 2.99, shilingi 386 hivi, wewe unapata asilimia 35, yaani shilingi 135. Hata kwa msomaji wa Marekani, kwenye mpango wa asilimia 70 unakatwa senti 15 za dola kwa kila MB ya kitabu. Kitabu cha picha cha MB 10 kwa bei hiyohiyo ya dola 2.99 kinakatwa dola 1.50, na kinachobaki baada ya asilimia ni dola 1.04, karibu sawa na asilimia 35. Juu ya hapo kuna kodi ya asilimia 30 ya Marekani kwa mauzo ya huko, kwa kuwa Kenya haina nao mkataba wa kodi ya mapato.

Njia ya pili ni kuuza EPUB yako mwenyewe kwa M-Pesa na WhatsApp. Kwa kitabu cha shilingi 300, mnunuzi analipa shilingi 7 za kutuma, wewe unapokea zote 300. Ni zaidi ya mara mbili ya ile 135. Hatari ni kwamba nakala itasambaa, na itasambaa kweli. Lakini kufuli hazijawahi kuwazuia waliopiga picha vitabu teule. Kinachosaidia kidogo ni kuandika jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yake. Watu huona haya kusambaza kitu chenye jina lao. ISBN utaipata kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, na EPUB inastahili namba yake, tofauti na ya kitabu cha karatasi.

Uamuzi wangu ni huu. Riwaya, tawasifu, historia, mashairi na mahubiri: EPUB bila kufuli. Hadithi za watoto wadogo: PDF ya kuchapwa kijitabu. Fomu, mitihani ya majaribio na hesabu zenye michoro: PDF. Kindle kwa maktaba, si kwa mtu mmoja. MOBI, achana nayo.

Na ninyi mnaoandaa zabuni za vitabu vya kidijitali, kaunti, kanisa au shirika, ombi langu ni mwongeze mstari mmoja kwenye masharti: maudhui yote yaletwe kama EPUB 3 isiyo na kufuli, pamoja na nakala kwenye memori kadi, na yajaribiwe kwenye simu iliyozimwa data kabla ya kulipwa. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo asipewe kazi.